Si mashabiki walioiua Boulder Collegians

Kusema Boulder Collegians ya Colorado ilikufa kwa kukosa mashabiki ni kuionea bure. Hii ni timu ya besiboli iliyotwaa ubingwa wa NBC (National Baseball Congress, mashindano ya kitaifa ya besiboli ya Marekani kwa timu zisizo za ligi kuu) kule Wichita, Kansas, mara nne: 1966, 1967, 1975 na 1978! Naona shida ilikuwa kumtegemea mno mtu mmoja, Bauldie Moschetti, mwenye duka la pombe aliyeiendesha na kuigharamia. Enzi hizo wachezaji wa vyuo hawakuruhusiwa kulipwa mshahara wa kucheza, kwa hiyo klabu za kiangazi kama hii, zinazowachezesha vyuo vikiwa likizo, ziliwatafutia vibarua na familia za kuwapokea. Nimewahi kupokea wachezaji kama hao hapa Kansas: friji tupu kabla ya Jumatano, sare zimejaa matope kila usiku. Mzigo huo mfuko mmoja utaubeba hadi lini? Kwenu nani anaubeba?