Nauli Nimelipa Mwenyewe

Mimi ni mtoto wa Marangu. Nimezaliwa ubavuni mwa Kilimanjaro, nimekua nikipandisha majani ya ng'ombe kichwani, na siku niliyopata kazi Dar es Salaam niliapa kwamba miguu hii haitapanda tena kitu kirefu kuliko ngazi ya daladala. Sasa niulizeni Nepal nilifuata nini.

Shemeji yenu ndiye chanzo. Kaona picha mtandaoni: kijiji, ukungu, mtu kashika kikombe cha chai kwa mikono miwili. "Baba Nanii, twende tukapumzike." Niliposikia kupumzika, nikatoa akiba yote.

Mapumziko yenyewe yakaanza na ngazi za mawe za kijiji cha Ulleri, zaidi ya 3,000. Nilihesabu mpaka ya 412, nikahisi nahesabu siku zangu zilizobaki. Kila nikitweta, kiongozi wetu ananiambia "bistari, bistari." Maana yake pole pole. Pole pole! Neno lile lile binamu yangu mpagazi analowaambia wageni kule nyumbani, leo naambiwa mimi. Ukimuuliza mbele kukoje, anasema tambarare kidogo. Tambarare ya kule ni kuteremka bondeni mpaka magoti yalie, halafu unapanda upya. Nyumbu wa mizigo, wale chotara wa punda na farasi, wakanipita na kengele zao na mitungi ya gesi. Mmoja aligeuka akanitazama kama anauliza, na huyu nani kamfungulia?

Tukafika kijiji cha Ghorepani, mita 2,860 hivi kutoka usawa wa bahari. Mimi niliposikia "pani" moyo ukatulia, nikajua kuna pwani. Kumbe pani ni maji, na ghora ni farasi. Na maji yenyewe, ukitaka ya moto ya kuoga, unalipia. Kuchaji simu unalipia. Kadiri unavyopanda na bei inapanda, kwa sababu vitu vingi vimefika kwa mgongo wa nyumbu au wa binadamu. Naelewa. Ila nimechaji simu kwa hela ya chipsi mayai, na haikujaa.

Chakula nakisifu. Dal bhat: wali, dengu, na ukimaliza unaongezwa. Mama wa jikoni, wote wanamwita didi, yaani dada, alinijaza mara tatu. Hapo ndipo nilipopumzika, dakika kama 40.

Maana saa 10 na nusu alfajiri mlango ukagongwa. Twende Poon Hill, mita 3,210, tukaone jua linachomoza. Nyumbani muda huo ni saa 8 kasorobo usiku. Saa zao zimetangulia zetu kwa saa 2 na dakika 45. Hizo 45 hakuna aliyeweza kunifafanulia. Jua likachomoza, theluji ya milima ya Annapurna ikageuka rangi ya papai bivu. Pazuri, sikatai. Lakini kwetu linachomoza bure, nikiwa naelekea chooni.

Tukateremkia Ghandruk, kijiji cha Wagurung, nyumba za mawe. Mbele kuna Machapuchare, mita 6,993, mtakatifu, hauruhusiwi kupandwa. Huo mlima niliuheshimu kuliko yote. Mara akapita bibi na tenga mgongoni, mkanda kwenye paji la uso. Ndani majani ya ng'ombe. Shemeji yenu akapiga picha tisa.

Nikampigia mama.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Nepal, mama. Napanda mlima."

Kimya.

"Umebeba mzigo wa nani?"

"Wangu mwenyewe."

"Na wanakulipa shilingi ngapi?"

Nikamwambia mtandao unakatakata.