Mteja Aliyetaka Chungu kwa Kilo

Leo asubuhi, kabla umeme haujakatika kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimesimama mbele ya mashine yangu ya kukereza, ile inayozungusha mbao huku nikiichonga, kifua mbele, vumbi la mtiki limenipaka nyusi, nikijiona mtu mwenye hadhi yake katika mji huu wa Tanga. Hadhi hiyo ilidumu hadi saa tatu na nusu.

Aliingia mzee mmoja aliyechomekea shati vizuri, kalamu mbili mfukoni, mstaafu kwa kila dalili. Nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku tayari ameshakinyanyua chungu cha mbao nilichokimaliza juzi, kile chenye pete tatu shingoni na kifuniko kinachozama mahali pake kwa mlio mdogo, kama mjukuu anayebusu mkono wa bibi yake. Akauliza bei, nikamwambia shilingi 85,000. Hakushtuka, na hapo ndipo nilipopaswa kuogopa, kwa sababu mteja anayeshtuka huishia kununua, lakini anayetulia anapiga hesabu.

"Kijana," akaanza, nami nina miaka 52, "gogo la chungu hiki lilikuwa na uzito gani lilipokuja?"

Nilimjibu kwa fahari kwamba lilikuwa na kilo 12, mtiki mbichi kutoka Longuza, kule Muheza.

"Na chungu chenyewe kina kilo ngapi?"

Sikujua. Akasema iletwe mizani, nami, sijui kwa uchawi gani, nikamtuma mwanafunzi wangu akaazime ya bucha. Chungu kikapimwa mahali palipopimiwa maini dakika tano zilizopita, kikaonekana kina kilo 2 kasoro robo. Mzee akafunga mikono mgongoni kama hakimu anayejiandaa kusoma hukumu. "Kwa hiyo umetupa zaidi ya kilo 10 za mbao, kisha unataka mimi nilipe gogo zima. Mimi nanunua kilichobaki."

Nilimweleza kwa upole unaostahili mvi zake kwamba sehemu ya uzito ule ilikuwa maji; kwamba chungu hukerezwa kwanza kikiwa kinene kama inchi moja, kikapakwa nta mahali ncha za nyuzi za mbao zinapojitokeza ili kisipasuke, kikawekwa chini ya meza miezi mitano hadi kikauke na kupinda umbo la yai, ndipo kirudishwe kwenye mashine kukerezwa upya. Akaniuliza kwa nini nisingekiacha na umbo la yai, tukapunguza gharama.

Nikahamia kwenye msasa. Nilimwonyesha kwamba naanza na namba 80, wenye chembe nene, kisha 120, 180, 240, 320 hadi 400 ulio laini, bila kuruka hata mmoja, maana ukiruka, mikwaruzo hujificha na kuibuka siku ya kupaka nta, mteja akiwa amesimama hapo hapo. Nilimwonyesha jinsi ninavyoukunja msasa mara tatu na kuingiza ukingo wake tu pembeni mwa kila pete, ili mabega ya pete yabaki makali yasije yakalainika kama sabuni iliyotumika. Nilimwonyesha hata ile mistari myeusi kati ya pete, ambayo si rangi bali ni waya mwembamba unaobanwa kwenye mfereji chungu kikizunguka, hadi moshi utoke na mbao iungue.

"Kumbe na kuiunguza umeiunguza," akasema, akaandika kitu kwenye karatasi.

Ofa yake ilikuwa shilingi 15,000, na humo humo nimfungie maranda yote yaliyotoka kwenye gogo lile, kwa kuwa nayo ni sehemu ya gogo na mkwewe anafuga kuku.

Jamani, mimi nimezoea kuulizwa kama vyungu hivi vinapikia maharage. Nimezoea mteja wa mwezi wa nne anayerudisha kifuniko kilichovimba kwa masika kana kwamba mvua nimeileta mimi, na nimezoea mke wangu anayelikuta vumbi langu ndani ya bakuli la sukari. Lakini kulipishwa faini kwa sababu chungu kina uwazi ndani sikuwa nimezoea. Angeuziwa nini, gogo lenye kifuniko? Nikapandisha sauti, nikasema maneno ambayo mwanafunzi wangu hakupaswa kuyasikia, na mzee akanitazama kwa huruma, akakirudisha chungu kichwa chini, akaondoka.

Saa sita umeme ukakatika tena, na kijana mmoja mfuga kuku akaja na toroli. Akachukua magunia manne ya maranda kwa shilingi 2,000 kila moja, akalipa taslimu, hakuuliza kilo, hakuuliza namba ya msasa, akanishukuru kwamba maranda yangu ni makavu. Nimekaa nayo hiyo 8,000 mkononi tangu wakati huo nikiitazama, na mizani bado ipo juu ya meza, kwa sababu katika hasira yangu hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Mwenye bucha ameshamtuma mtoto mara mbili. Mtoto huyo sasa amesimama mlangoni, hataki kuondoka bila mizani, na anauliza kama kile chungu kinaweza kuwekewa supu.