Kiwanja cha Novemba

Huku kwetu Mtwara viwanja vingi hununuliwa Oktoba na Novemba. Sababu tunaijua: minada ya korosho imeanza, chama cha msingi kimelipa, na kila mwenye hela anawaza bati na saruji. Kwa bahati mbaya, hiyo ndiyo miezi ambayo ardhi hudanganya kuliko yote. Kiangazi kimekausha mabonde, maziwa yamerudi nyuma, na pale ambapo Machi utawakuta kambale, dalali anakuonyesha uwanda uliopasukapasuka huku akiapa kwamba maji hayafiki.

Mimi mwenyewe nilionyeshwa kimoja, pembeni ya bonde la mpunga. Bei ilinitia tamaa. Mjomba niliyekwenda naye hakuuliza habari za hati wala majirani. Aliinama, akang'oa shina moja la tete.

"Haya hayakupandwa, mjomba. Yalikuwa yanakunywa wapi?"

Tukaondoka. Aliyekinunua baadaye alimwaga kifusi, tipa juu ya tipa. Masika yalipofika nyumba yake haikuguswa. Maji yalihamia kwa jirani wa chini, ambaye hakuwa ameuziwa mafuriko na mtu yeyote.

Sheria tunayo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa la asili, mto au bwawa. Sawa, mita 60, lakini kuanzia maji ya Novemba au ya Machi? Kwenye bonde tambarare tofauti hiyo inatosha kumeza mtaa mzima. Mimi nasema futikamba ivutwe Machi, bikoni zipigwe pale maji yalipoishia, na kiwanja cha bondeni kisipimwe kabisa wakati wa kiangazi. Wapimaji watalalamika matope. Ndiyo hayohayo tunayotaka wayaone.

Majirani zetu wa Kilwa wamo katika eneo la Ramsar, yaani ardhioevu yenye hadhi ya kimataifa, la Rufiji–Mafia–Kilwa, lililotambuliwa 2004. Ziwa Kitere letu na vijibonde vya pembezoni mwa mji havina cheo kama hicho. Vina majaruba, vina kambale, na vinapokea maji yote ambayo mji hauyataki.

Minada ikifunguliwa tena, dalali yule atakuwa palepale. Safari hii nadhani matete atakuwa ameshayafyeka.