Jua Lisichwe

Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa aliponipangia somo la Hasira alisema, "Hili linakufaa wewe, mwalimu, una uzoefu nalo." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ila moyoni nikamwekea alama.

Nilijiandaa kwelikweli. Usiku wa Jumanne nilikaa mezani na Efeso 4, mstari wa 26: "Mwe na hasira, ila msitende dhambi, jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka." Nikauzunguka mstari ule mpaka nikaona nimefunuliwa kitu. Paulo alikuwa Myahudi, na kwa Wayahudi siku huisha jua likizama. Sisi Waswahili nasi ni hivyo hivyo: wazee wa pwani wakikwambia usiku wa Ijumaa wanamaanisha ule unaoanza Alhamisi magharibi, na hata saa zetu zinaanza kuhesabiwa upya kiza kikiingia. Kumbe Paulo ametupa muda wa mwisho! Hasira ya leo hairuhusiwi kuvuka saa kumi na mbili jioni ikalala kwenu. Nikaandika hivyo kwenye daftari, nikapiga mistari miwili chini yake.

Mke wangu akapita nyuma yangu na ndoo, akasoma, akasema, "Mm."

Nilipaswa kuichunguza ile "mm".

Sasa niwaeleze kuhusu mita. Nyumba tunayopanga iko Tabata, Dar es Salaam, wapangaji sita, mita ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, moja. Aliyewahi kuishi hivyo anaweza kuruka aya hii, maana ataumia bure. Mnachanga kwa zamu, na kila mtu ana imani kuwa anayemaliza umeme ni mwenzake. Mwanzo wa mwezi ndiyo mtihani wenyewe. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, na anayekatwa ni yule anayenunua wa kwanza mwezi ukianza. Najua, kodi ni ya mwenye nyumba, unatakiwa umkate kwenye pango. Haya, nenda wewe ukamwambie. Sisi tuliamua kuviziana. Tarehe 30 mita inalia mpaka inakauka sauti, watu sita wako ndani wamenyamaza kama wamehama.

Mwezi ule nilishindwa mimi. Tarehe mosi ya mwezi wa saba, Jumamosi, watoto walikuwa wanataka katuni. Nikanunua umeme wa elfu kumi. Siku nyingine elfu kumi inaleta uniti ishirini na nane. Safari hii, baada ya kukatwa 1,500 ya jengo, zikarudi ishirini na tatu na vipande. Nikaingiza zile tarakimu ishirini kwa kidole kimoja, huku nasikia milango ya majirani inafunguliwa mmoja mmoja, na feni zinawashwa.

Na chumba cha tatu kuna Mama Pacha. Mama Pacha ana friji la kugandisha, lile la kulala kama sanduku, na anauza barafu za ubuyu. Ndogo mia, kubwa mia mbili. Watoto wa shule wote wa mtaa ule wana midomo myekundu kwa ajili yake. Lile friji linanguruma usiku na mchana, nami nikiwa kitandani nilikuwa nalisikiliza kama mtu anayesikiliza mwizi anavunja dirisha. Kila likiwaka nasema moyoni, uniti yangu hiyo.

Jumatano yenyewe nikatoka kazini mapema, ibada ilikuwa kwangu saa moja jioni. Nikafika nyumbani saa kumi na mbili na dakika chache, daladala imenikunja kama shuka. Mke wangu alikuwa ameenda kuazima viti vya plastiki. Nikapita ukutani kwenye mita. Taa nyekundu inanikonyeza. Nikabonyeza nione salio: uniti moja na pointi nne.

Siku tano! Umeme niliokatwa na kodi juu!

Jamani, nilihisi kitu kinapanda kutoka tumboni hadi masikioni. Nikaanza kutunga hotuba, na ilikuwa hotuba nzuri, ina utangulizi, ina mifano, ina hata takwimu. Ndipo nikakumbuka daftari. Nikaangalia magharibi. Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye simtanki la jirani, jekundu kama barafu ya ubuyu, Mungu nisamehe. Mwezi wa saba Dar jua halichelewi, saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi limeshaondoka. Nilikuwa na dakika kama kumi za kumsamehe Mama Pacha, la sivyo nitafundisha somo la hasira nikiwa nimeshapitisha muda.

Nikaenda mbio.

Mama Pacha alikuwa mlangoni kwake juu ya kigoda, beseni la ubuyu mapajani, anajaza vifuko. Anachota kwa kikombe, anamimina, anazungusha ncha ya kifuko kwenye kidole mara mbili, anavuta fundo, anatupa kwenye sufuria. Hatazami hata. Pale pale nikaona hesabu ya vifuko vile na hasira ikajaribu kurudi. Nikaikemea.

"Hodi jirani. Shikamoo sikupi, tuko rika moja," nikatania. "Nimekuja mara moja tu. Nimekuja kukusamehe."

Kidole kikasimama katikati ya fundo.

"Kunisamehe?"

"Ndiyo. Kutoka moyoni."

"Umenisamehe nini?"

Hapa ndipo ilipokuwa nafasi yangu ya kusema "basi tu" nikaondoka. Ila jua lilikuwa linaendelea kushuka, na mimi nilitaka kazi iishe kihalali. Nikamwambia, "Umeme, Mama Pacha. Friji. Lakini yameisha, usijali, nimeachilia."

Nawaambieni kitu nilichojifunza, na hakimo kwenye daftari lolote: ukitaka kumtukana mtu vizuri, asiyejua kama amekukosea, mwambie umemsamehe. Mama Pacha aliweka beseni chini polepole. Akasimama. Ni mrefu, sikuwahi kuliona hilo.

"Baba," akasema, na ile "baba" ilikuwa ya mtu anayejizuia, "mimi nimekuibia?"

"Sikusema hivyo..."

"Unakuja mlangoni kwangu, wateja wanakuona, unanisamehe! Mimi nimeenda kwako kukusamehe maombi yako ya saa kumi usiku? Unakemea pepo, wanangu wanaamka wanalia. Nimekuja? Kiatu chako unachoanika dirishani kwangu, nimekuja?"

Chumba cha nne pazia likasogea. Chumba cha tano hawakujihangaisha na pazia, wakatoka kabisa, mmoja na sahani yake ya wali mkononi. Nikajaribu Mithali 15, "Jawabu la upole hugeuza hasira," nikasema kwa upole kabisa, "Jirani, punguza sauti." Sijui kwa nini wanawake hawapendi sentensi hiyo. Hata ukiisema kwa Kiebrania, nadhani.

"Na huo umeme," akaendelea, safari hii kwa hadhira, "si nalipa? Kila Jumamosi si nampa mkeo elfu tano mkononi, tangu Pasaka? Kwa ajili ya friji. Tulikubaliana wenyewe. Kwani hakukwambia?"

Yule wa sahani akaacha kutafuna.

Tangu Pasaka. Nikahesabu Jumamosi kichwani: kumi na mbili. Elfu sitini. Nikiwa bado kwenye sifuri ya mwisho, adhana ya magharibi ikapigwa msikiti wa mtaa wa pili. Nikageuka. Juu ya simtanki hapakuwa na kitu, wekundu tu.

Sasa fikirini hali yangu. Hasira yangu kwa Mama Pacha ilikuwa imekwisha, nakiri, ilikufa palepale, sikuwa nayo hata chembe. Lakini nyingine ilikuwa imezaliwa, kubwa kuliko ya kwanza, na imezaliwa baada ya adhana. Kwa tafsiri yangu mwenyewe niliyoipigia mistari miwili, siku mpya ilikuwa imeanza. Nilikuwa na saa ishirini na nne kamili, halali.

Nikamwomba radhi Mama Pacha. Akanitazama, akanipa barafu mbili za mia. "Za watoto," akasema, nisije nikajipa moyo.

Saa moja watu wakaja. Mke wangu alikuwa amekaa mbele kabisa kwenye kiti cha kuazima, kanga safi, anaongoza tenzi kwa sauti tamu isiyo na hatia. Sikupata nafasi ya kumuuliza lolote. Kila nikimsogelea anampokea mgeni. Nikaanza kufundisha. Nikasoma Mathayo 5, pale anaposema ukileta sadaka madhabahuni "na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako," uende upatane naye kwanza. Nikasimama hapo. Usiku wa Jumanne nilikuwa nimeusoma mstari ule kinyume, kama ni mimi mwenye neno juu ya ndugu yangu. Nikakumbuka kiatu changu dirishani. Nikafunua ukurasa haraka.

"Kwa hiyo, wapendwa," nikasema, "hasira ya leo isivuke magharibi..."

Umeme ukakatika.

Si mtaa mzima, maana nje taa zilikuwa zinawaka. Ni sisi tu. Uniti moja na pointi nne ilikuwa imefika mwisho wa safari. Pakawa kimya, na friji la Mama Pacha nalo likanyamaza.

Gizani mke wangu akakohoa kidogo.

"Mwalimu, endelea tu, tunasikia. Mimi nina swali. Hasira ikianza baada ya magharibi, yenyewe mwisho wake lini?"

Watu wakasema, "Swali zuri." Kumbe alikuwa ameshaambiwa getini, viti vikiwa kichwani. Nikameza mate. Nilikuwa natafuta jibu lenye Kigiriki ndani yake, mlango ukagongwa, na sauti ya Mama Pacha ikaingia, safi, isiyohitaji umeme:

"Hodi wapendwa, samahani kwa ibada. Shoga, ile elfu tano ya wiki hii tununue umeme sasa hivi, barafu zinayeyuka. Nikupe wewe kama kawaida, au leo nimpe baba?"

Mwenyekiti ndiye aliyeanza kucheka. Nikasema tufumbe macho tuombe, ingawa kwa giza lile sijui nani angejua nani amefumba.