Intaneti ya Jengo la Ofisi: Mwenye Jengo Achague, au Kila Mpangaji Ajitegemee?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini inayoleta intaneti, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa Afrika Kusini. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, kiasi kwamba Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulisitisha kwa siku mbili huduma zake nyingi kwa umma kwa sababu ya mtandao. Ofisi iliyokuwa na mtoa huduma mmoja aliyetegemea mikongo hiyo ilikwama. Iliyokuwa na wawili nayo ilikwama, kama wote wawili walikuwa wanapitisha mzigo wao wa data kwenye mikongo hiyohiyo.

Nakumbusha tukio hilo kwa sababu lina funzo kwa mjadala unaoendelea katika majengo ya ofisi za pamoja Posta, Upanga, Mikocheni na kwingineko: nani achague intaneti ya jengo? Wapo wanaotaka mwenye jengo aingie mkataba mmoja mkubwa na kugawa gharama kwa wapangaji pamoja na ulinzi, usafi na jenereta. Wapo wanaotaka kila kampuni ivute faiba yake na ilipe bili yake. Nimesikiliza hoja za pande zote mbili, na naona zote zina uzito zaidi kuliko wapinzani wao wanavyokiri.

Tuanze na mkataba mmoja. Faiba ya kawaida inayouzwa majumbani na kwa ofisi ndogo mara nyingi hutumia teknolojia ya GPON. Uzi mmoja hutoka kwenye kituo cha mtoa huduma ukiwa na gigabiti 2.5 hivi kwa sekunde za kushusha na 1.25 za kupandisha, kisha splita, yaani kifaa cha kugawanya uzi, huugawa kwa wateja 32 au hata 64. Kwa familia inayotazama filamu usiku, mgawo huo hausumbui. Kwa jengo ambalo wahasibu wote wanakimbizana na ritani za VAT tarehe 20 ya mwezi, wakala wa forodha anapandisha nyaraka za kontena na studio ya ghorofa ya tatu inatuma video nzima kwa mteja, upungufu utaonekana saa nne asubuhi, tena upande wa kupandisha, ambao matangazo ya watoa huduma huutaja kwa nadra.

Dawa yake ni laini isiyogawanywa na mtu mwingine, yenye kasi sawa kushusha na kupandisha, na yenye mkataba wa viwango vya huduma. Laini hiyo ni ghali. Kampuni ya watu watano haiwezi kuibeba peke yake, lakini kampuni kumi na mbili zikichanga zinaiweza, tena zinakaa mezani na mtoa huduma zikiwa na sauti. Hii ndiyo hoja kubwa ya upande wa kwanza na sioni namna ya kuikwepa. Pia inaepusha kila mpangaji kuleta fundi wake kutoboa ukuta na kuning'iniza waya kwenye ngazi ya dharura.

Upande wa pili nao una hofu za haki. Mwenye jengo akishika intaneti, anashika shingo ya biashara ya mpangaji. Anaweza kuongeza chake juu ya bei bila mtu kujua. Anaweza kuchelewa kulipa bili na jengo zima likazimiwa, wakati wewe umeshalipa sehemu yako. Na hapa kuna suala la sheria ambalo halijadiliwi vya kutosha: utoaji wa huduma za mawasiliano nchini unahitaji leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kugawana bili ni jambo moja, kuuza intaneti kwa faida ni jambo jingine. Mwenye jengo anayefikiria biashara hiyo aulize TCRA kabla ya kutoza hata shilingi.

Kuna na usiri. Wakili na mshindani wa mteja wake wanaweza kuwa wapangaji wa jengo moja. Wote wakiunganishwa kwenye Wai-Fai moja yenye nywila moja, printa ya huyu inaonekana kwenye kompyuta ya yule. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, ofisi inayotunza taarifa za wateja haiwezi kusema tu kwamba mtandao ulikuwa wa mwenye jengo. Kitaalamu tatizo hili linatatulika, kwa sababu swichi ya kiofisi, yaani kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao za jengo, inaweza kumtengea kila mpangaji mtandao wake ndani ya waya uleule. Lakini lazima mtu aifanye kazi hiyo na aitunze, na katika majengo mengi mtu huyo hayupo.

Pamoja na hofu zote hizo, naamini wanaosema "kila mtu na yake" wanajidanganya kuhusu jambo moja: uhuru wa kuchagua hauleti uhakika. Wapangaji wanane wenye kampuni nane za intaneti wanaweza kuwa na nyaya nane kwenye nguzo moja, au ndani ya mtaro mmoja kando ya barabara. Katapila la mradi wa mwendokasi likipita hapo, zote nane zinaondoka kwa dakika moja. Ni yaleyale ya EASSy na SEACOM: majina mawili, njia moja. Na kwa kuwa kila mmoja amelipia laini yake tu, hakuna aliyebakiwa na akiba.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mtoa huduma kabla ya bei ni hili: waya wako unaingia jengoni kutoka barabara gani, juu ya nguzo au chini ya ardhi, na baada ya hapo unatokea mikongo ipi ya baharini? Mwenye jibu atakuonyesha kwenye ramani. Asiye nalo atakurudisha kwenye kipeperushi cha vifurushi.

Swali la pili ni umeme, na hili watu hulipita haraka mno. Shuka ghorofa ya chini ufungue kile kikabati cha nyaya chini ya ngazi. Utakuta kifaa cha faiba na swichi vimechomekwa kwenye ekstensheni moja pamoja na chaja ya simu ya mlinzi, na soketi yenyewe haipo kwenye saketi inayolishwa na jenereta. Tanesco wakikata, jenereta linawaka, taa na viyoyozi vinarudi, kompyuta zinawaka, lakini intaneti haipo. Mtoa huduma analaumiwa kwa kosa la fundi umeme wa jengo. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, kwenye kikabati hicho na soketi iliyounganishwa na jenereta vinaokoa saa nyingi za kazi, na gharama yake haifikii hata kidogo ile ya kuhama mtoa huduma.

Kisha soma mkataba kwa kalkuleta. Ahadi kwamba mtandao utakuwepo asilimia 99.5 ya muda inapendeza machoni, lakini kwa mwaka inaruhusu karibu saa 44 za kukatika. Kama upimaji unafanywa kwa mwaka, mtandao unaweza kulala siku nzima mfululizo na mtoa huduma akawa hajavunja chochote. Upimaji ukifanywa kwa mwezi wa siku 30, asilimia hiyohiyo ni saa 3.6. Nambari ni ileile, ulinzi ni tofauti kabisa. Dai mwezi, na dai muda wa fundi kufika uandikwe kwa saa, kwa sababu fidia yenyewe huwa ni kipande cha bili tu. Haimrudishii wakala wa forodha tozo za kontena lililolala bandarini.

Msimamo wangu basi: jengo lichague laini kuu moja kwa pamoja, nzuri, yenye mkataba mkali, liongeze ya pili ya bei nafuu inayoingia kwa njia nyingine, na ruta ihamishe mzigo yenyewe moja ikizimika. Mpangaji anayetaka yake binafsi asizuiwe. Bili halisi ibandikwe mahali wapangaji wote wanaiona.

Jengo dogo la wapangaji watano litasema halina uwezo wa laini mbili za faiba. Ni kweli, na kwao ruta ya 4G au 5G inatosha kuwa akiba. Haitasaidia mkongo wa baharini ukikatika, kwa sababu minara nayo inategemea mikongo hiyo, ila itasaidia waya wa mtaani ukikatwa. Setilaiti inavutia kwa kuwa haipiti mtaroni kabisa, lakini nayo ina kikomo chake: Starlink, iliyoanza huduma Kenya Julai 2023, ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti jirani Novemba 2024 kwa sababu uwezo wake eneo hilo ulikuwa umejaa. Na popote, hakikisha kwanza kwamba ina leseni ya nchi uliyopo.

Linabaki jambo gumu zaidi, ambalo ni nyaya za ndani. Mtoa huduma anapojitolea kuweka nyaya ghorofa zote bure, kwa kawaida anataka awe peke yake jengoni kwa miaka kadhaa. Mwenye jengo asiye na fedha atashawishika, na simlaumu, maana bila mpango huo wapangaji wake wangekaa bila kitu. Lakini miaka mitano bila mshindani ni mirefu sana, kwani mtoa huduma anajua hakuna pa kukimbilia na simu za malalamiko zinaanza kupokelewa polepole. Kama hapana budi, upekee huo uishe ndani ya miezi 12 au 24, na mkataba utamke kwamba baada ya hapo nyaya za ndani ni mali ya jengo. Kipengele hicho kiandikwe kabla ya kusaini, kwa sababu nyaya zikishapita ukutani, mwenye jengo hana tena cha kujadilia.