Zanzibar Heroes na mechi za kufuzu tusizozicheza

Usiku wa tarehe 13 Januari 2025, pale Gombani, Pemba, filimbi ya mwisho ilipopulizwa na Zanzibar Heroes, timu ya taifa ya Zanzibar, wamewafunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali ya Kombe la Mapinduzi, watu walikumbatiana bila kujuana. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja aliyetoka Wete na mjukuu wake, mtoto wa miaka kama tisa, bado amekunja mkononi karatasi ya njugu alizozimaliza tangu kipindi cha kwanza. Katikati ya kelele zile akamvuta babu yake kanzu: "Babu, kwa hivyo tumefuzu?" Mzee akacheka, halafu akanyamaza. Akanigeukia mimi: "Hebu mwambie, mwanangu."

Sikuwa na la kumwambia. Kombe lilianza Gombani na likaisha Gombani. Hakuna mahali tulipofuzu, kwa sababu hakuna mlango wa kufuzu uliofunguliwa kwa timu ile.

Habari za 2017 kila mpenda mpira wa hapa anazijua, kwa hiyo sitazirefusha. Tarehe 16 Machi, Addis Ababa, CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ilitupokea kuwa mwanachama kamili wa 55. Julai mwaka huohuo, Rabat, uanachama ukafutwa, na Rais wa CAF wa wakati huo, Ahmad Ahmad, akasema haikuwa sahihi kutupokea tangu mwanzo kwani nchi moja haiwezi kuwa na mashirikisho mawili. Jambo moja tu husahaulika: droo ya kufuzu AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2019 ilikuwa imeshachezeshwa Januari, kabla hatujapokewa. Maana yake hata katika miezi ile minne ya furaha hatukugusa mpira wa kufuzu hata dakika moja.

Mjadala umerudi kwa nguvu baada ya AFCON ya Morocco, ambako Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, ilivuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Na aliyesawazisha dhidi ya Tunisia, bao lililotupa pointi ya kuvukia, ni Feisal Salum, mtoto wa hapa. Barazani wapo wanaouliza: sasa mnataka nini tena? Timu mnayo, inafuzu, na vijana wenu ndio wanaoibeba.

Hoja hii si nyepesi, na anayeipuuza hajaangalia msimamo wa kundi. Turudi Yamoussoukro, Ivory Coast, tarehe 10 Septemba 2024, mechi ya kufuzu AFCON hiyo, Guinea na Tanzania. Guinea walitangulia. Feisal akasawazisha, na mechi ikielekea ukingoni Mudathir Yahya akafunga la pili. Wafungaji wote wawili Wazanzibari, na kwenye benchi kocha ni Hemed Suleiman "Morocco", Mzanzibari wa tatu. Kundi H liliisha Kongo ya Kinshasa wana pointi 12, Tanzania 10, Guinea 9. Piga hesabu mwenyewe: mechi ile ingeisha sare, Tanzania ingemaliza na pointi 8 na Guinea 10, na hata lile bao la Simon Msuva dhidi ya Guinea hao hao, uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, tarehe 19 Novemba, lisingetuvusha. Kwa hiyo bila wale wawili hakuna AFCON ya Morocco kwa Tanzania. Na upande wa pili wa shilingi, ambao wenzetu wa hoja ile wanaushikilia, ni kwamba bila Tanzania hakuna AFCON kwa wale wawili. Feisal peke yake na jezi ya Zanzibar, bila Msuva, bila Mbwana Samatta, bila mabeki wa Simba na Yanga, angefika wapi?

Nimeitafakari hesabu ile ya Yamoussoukro mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema, na kila nikiirudia najikuta kwenye swali jengine: wale wawili walionekana wapi kabla ya hapo? Desemba 2017, Kenya, mashindano ya CECAFA, ya nchi za Afrika Mashariki na Kati. Zanzibar Heroes, chini ya kocha Morocco huyohuyo, wakiwemo Mudathir na Feisal aliyekuwa bado kijana wa klabu ya JKU, waliwafunga Tanzania Bara 2-1, wakawatoa Uganda nusu fainali, wakaenda Machakos kucheza fainali na Kenya. Mara mbili walitanguliwa, mara mbili wakasawazisha, na wakapoteza kwa penalti tu. Mwaka uliofuata Feisal yuko Yanga. Jezi ya Zanzibar iliwaweka mbele ya macho ya watu. Taifa Stars ikaja kuvuna. Silaumu kuvuna, najiuliza tu shamba linapaliliwa na nani.

Kwa sababu shamba lenyewe halimwagiliwi. CECAFA ya wakubwa ilichezwa 2019, kisha ikapita miaka bila timu kamili za taifa kukutana. Ile ya 2021 waliachiwa vijana wa chini ya miaka 23. Mwanachama wa FIFA hata akifungwa kila siku ana kalenda: mwezi wa tatu ana mechi, wa sita ana mechi, wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja. Kocha anajua lini ataita kikosi. Kijana wa Chake Chake anajua akifanya vizuri kwenye ligi msimu huu ataitwa lini. Zanzibar Heroes haina kalenda. Haipo hata kwenye orodha ya viwango vya FIFA, na mchezaji anayetafuta timu nje hawezi kuzionyesha mechi zake za Heroes kama mechi za timu ya taifa inayotambuliwa. Timu inaitwa wakati wa mwaliko, ikimaliza inatawanyika.

Ndiyo maana huwa nashangaa ninapoambiwa kwamba tukipewa nafasi tutafungwa sana. Sawa, tutafungwa. Hiyo ndiyo nafasi tunayoiomba.

Tuwatazame Cape Verde, visiwa wenzetu wa upande wa pili wa bara hili, watu takriban nusu milioni. Waliingia FIFA 1986. AFCON yao ya kwanza ilikuwa 2013. Baina ya miaka hiyo miwili kuna miaka 27 ya kusafiri, kufungwa, kubadilisha makocha, kuanza upya. Tarehe 13 Oktoba 2025, wakiwa nyumbani Praia, waliwafunga Eswatini 3-0 wakamaliza vinara wa kundi kwa pointi 23, Cameroon wakiwa nyuma yao na 19, na wakafuzu Kombe la Dunia. Sensa ya 2022 ilihesabu Wazanzibari 1,889,773. Pemba peke yake, ile ambayo watu wa mjini wanaiona mbali, ina watu 543,441. Nimezirudia namba hizi mbele ya marafiki mpaka wamechoka nami. Pemba tu ni sawa na Cape Verde nzima. Anayesema visiwa hivi ni vidogo mno kuwa na timu ya kufuzu aanze kunieleza Praia kuna nini ambacho Wete hakuna. Mimi naona kimoja kikubwa: wao walipewa miaka 27 ya kufungwa.

Haki lazima itendeke kwa upande wa pili hapa, maana mfano huu una tundu. Wengi wa wachezaji wa Cape Verde wamezaliwa au kulelewa Ulaya, watoto wa wahamiaji waliokulia kwenye akademia za Ureno, Uholanzi na Ufaransa. Wangazija ni hivyohivyo. Timu yao iliyowafunga Ghana 3-2 kwenye AFCON iliyochezwa Cameroon ilijaa vijana wa Ufaransa. Nasi tuna watu wetu Muscat, London na kwengineko, lakini Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili, na uraia ni suala la Muungano. Hata tungepata uanachama kesho, njia ile ya mkato ya wenzetu isingekuwa yetu. Tungelazimika kulea wenyewe, kwenye viwanja vyetu, kwa ligi ambayo klabu zake nyingi zinategemea vikosi vya serikali au mfuko wa mtu mmoja. Hilo linatupunguzia kasi. Haliondoi hoja, kwa sababu kulea wenyewe ndiko hasa kunakohitaji mechi.

Na tumeonyesha tunaweza kulea. Mwaka 2023 vijana wetu wa chini ya miaka 15 walikwenda Uganda wakarudi na kombe la CECAFA. Uganda wenyewe walikuwamo, Tanzania Bara walikuwamo. Mtoto wa miaka 15 bingwa wa kanda, mwaka wa pili au wa tatu unaofuata ana miaka 17, na umri huo ndio wa kufuzu AFCON ya vijana na kuota Kombe la Dunia la vijana. Kikosi kile, kama kikosi, hakikuwa na pa kwenda. Mmoja mmoja anaweza kuitwa Serengeti Boys, timu ya Tanzania ya chini ya miaka 17, akibahatika kuonwa na akibahatika kupata nauli ya kwenda kuonwa. Wale vijana waliojuana, waliozoeana, waliokwisha jua kushinda pamoja, wanavunjwa. Katika yote yanayosemwa kuhusu suala hili, hili ndilo linaloniuma.

Kisheria, sitaki kudanganya mtu: FIFA inasema shirikisho moja kwa nchi moja, na nchi kwao ni dola huru inayotambuliwa kimataifa. Wenzetu hutaja Uingereza na mashirikisho yake manne, lakini yale ni ya kabla ya FIFA yenyewe kuzaliwa 1904. Mfano wa Gibraltar, iliyoingia FIFA 2016, una nguvu zaidi, ila walipita mahakama ya michezo na miaka mingi ya kubishana, na hawakuwa ndani ya Muungano kama wetu. Kinachonishangaza ni kwamba CAF yenyewe haishiki msimamo mmoja. Bingwa wa Zanzibar anacheza Ligi ya Mabingwa Afrika kwa nafasi yetu wenyewe, tofauti na nafasi za Bara. KMKM, Mlandege na JKU wanapanda ndege kwa jina la Zanzibar. Klabu ni ya Zanzibar, timu ya taifa si ya Zanzibar. Ikiwa sheria ni moja, basi iwe moja.

Wapo pia wanaoona ombi hili kuwa ni siasa ya kuvunja Muungano kwa mlango wa uwanja wa mpira. Naelewa inakotoka hofu hiyo, na wapo kweli wanaolibeba jambo hili kwa nia hiyo. Lakini michezo haimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Aliyeiandika orodha hakuona kwamba nchi itaanguka Unguja na Pemba wakiwa na timu yao.

Na mapenzi yetu kwa Taifa Stars si ya kutiliwa shaka. Tarehe 9 Septemba 2025 walikuja uwanja wa Amaan, Unguja, kucheza na Niger, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, hapa nyumbani kwetu. Walipofungwa 1-0 niliona kijana amevua jezi ya Stars, akaikunja vizuri kama shuka ya mgonjwa, akaitia ndani ya mfuko, akatoka bila kusema neno. Ile ilikuwa huzuni ya mwenye mali. Kijana yule naamini angekuja Gombani vilevile. Mtu anaweza kuwa na mama na bibi, na akawapenda wote.

Uanachama kamili wa FIFA sidhani kama utakuja karibuni, na viongozi wanaotuahidi kila uchaguzi wa shirikisho wanatuchosha. Kuna kitu kidogo kinachoweza kuombwa kesho asubuhi, na ZFF na TFF, mashirikisho ya mpira ya Zanzibar na ya Tanzania, wakikubaliana naona vigumu CAF kukataa kwa urahisi: mashindano ya vijana ya kanda, ya miaka 17 na 20, yale yanayotoa tiketi za AFCON, Zanzibar iruhusiwe kucheza na ikishinda ifuzu, wakati wakubwa wanaendelea kuchezea Taifa Stars kama walivyo. Na kwa Heroes wakubwa, TFF iweke tarehe mbili kila mwaka za Zanzibar na Bara, moja Gombani, moja kwa Mkapa, zijulikane tangu Januari, ili kijana wa Mkoani anayefanya mazoezi saa kumi na moja alfajiri ajue anajiandalia mechi ya mwezi gani.