Samadi, urea na luseni ya Usukumani

Wakulima wengi wa Misungwi na Magu husema mbolea ya dukani "inaua ardhi": msimu wa kwanza mahindi hustawi, lakini miaka ikipita shamba haliitikii tena bila kuongezewa mfuko. Wataalamu hujibu kwamba kirutubisho ni kilekile, kiwe kimetoka kiwandani au zizini. Nionavyo mimi, wakulima wameliona tatizo barabara, ila hawajakitaja chanzo chake chote.

Katika shamba la Broadbalk huko Rothamsted, Uingereza, linalolimwa ngano tangu 1843, vipande vilivyopewa mbolea kamili ya viwandani viliendelea kwa zaidi ya miaka 100 kutoa mavuno yaliyokaribiana na ya vipande vya samadi. Kwa hiyo mbolea hiyo si sumu. Lakini udongo wa samadi una mboji zaidi ya maradufu, na shamba lote lilikwisha kumwagiwa chokaa nyingi, inayopunguza tindikali ya udongo, tangu zamani, jambo ambalo watetezi wa mbolea ya viwandani husahau kulitaja.

Luseni yetu haina kinga hiyo. Ni mchanga uliotokana na mawe ya matale (graniti). Ukiuchota kiganjani siku mbili baada ya mvua, unapukutika vidoleni kama pumba. SA (salfeti ya amonia) na urea zinapogeuka naitreti, yaani naitrojeni inayofyonzwa na mimea, ardhini huacha tindikali, na pH (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka uchachu ukizidi) ikishuka chini ya 5.5 alumini huyeyuka na kudumaza mizizi, hata mfuko wa ziada ukawa hasara tupu. Tukichoma na mabua, mboji itatoka wapi? Nenda kwenye zizi lililohamwa: udongo ni mweusi, unashikamana, na mahindi yake hubaki ya kijani kibichi miaka mingi baada ya ng'ombe kuondoka.

Hata hivyo, samadi nayo ina hesabu yake. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kwa samadi yenye asilimia 1 ya naitrojeni zinahitajika zaidi ya tani 2. Tena ng'ombe haumbi rutuba, bali huikusanya malishoni na kuileta zizini, nayo malisho yakazidi kufifia. Wakulima wa kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria, waliweza kulima ardhi ileile mwaka hadi mwaka kwa kufuga ng'ombe ndani na kufukia marejea (mmea wa jamii ya kunde) shambani, lakini kwa kazi nzito ambayo vijana wengi wa leo hawataikubali.

Kwa sababu hiyo siungi mkono kuiacha urea, wala kuitegemea peke yake. Samadi kidogo iliyopo itiwe kwenye shimo la kupandia badala ya kutawanywa, na urea ifukiwe karibu na shina kwa awamu mbili, kwani inayooshwa na mvua huishia ziwani kulisha magugu maji. Uchachu wa udongo upimwe kabla ya kununua mbolea. Luseni iliyokwisha kuchachuka inahitaji chokaa, na CAN (mbolea ya naitrojeni yenye chokaa) inaifaa kuliko SA.